Panga la Bibi Halirudi Mia kwa Mia

Desemba ya 2018 niliharibu panga la bibi. Halikukatika. Nilipiga jiwe lililojificha kwenye shina la mgomba, makali yakapata pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Saa hiyohiyo, sebuleni, mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amejilaza kwenye kochi na Switch, mashine ya gemu ya mkononi, aliyokuja nayo kutoka Dar. Ndani ya gemu alikuwa ameshavunja upanga wa nne tangu chai ya asubuhi, wala hakuonekana mtu mwenye shida. Alikuwa anaokota mwingine.

Mimi nilibaki kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, panga mkononi, natafuta maneno ya kumwambia bibi.

Utani wetu mnaujua hata msiotoka huku: ikifika Desemba, Mchagga lazima apande mlimani Kilimanjaro akahesabiwe. Sisi huhesabiwa Mamba, upande wa Vunjo. Siku tatu za kwanza ni mtori, ndizi, nyama na salamu za ndugu ambao huwakumbuki majina. Siku ya nne bibi anaanza kugawa kazi. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni, Moshi mjini, kwa hiyo bibi huamini kwamba najua vyuma. Ndiyo maana panga nilipewa mimi.

Gemu aliyokuwa anacheza yule mdogo wangu ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka 2017. Wengi wenu mnaijua, ila kwa wasioijua: ndani yake kila silaha unayookota, iwe upanga, mkuki au rungu, ina idadi yake ya mapigo, na idadi hiyo huoneshwi. Ikikaribia mwisho unapewa onyo. Ukiendelea kupiga, inapasuka vipande mkononi mwako, na lile pigo la mwisho linakuwa na nguvu maradufu, kama vile chuma kinakuaga kwa hasira. Kunoa hakuna. Mhunzi wa kumpelekea upanga wako wa kila siku ili aurudishe hayupo. Kuna silaha chache za heshima zinazoweza kufuliwa upya kwa vitu adimu, na kuna mnyama fulani kama pweza wa mawe ambaye ukimtupia silaha yenye kutu anaimeza na kuitema ikiwa mpya, jambo ambalo sijui nani alilifikiria. Upanga mkuu wa hadithi hauvunjiki, lakini nao huchoka, unaupumzisha dakika 10. Vingine vyote ni vya kutumia na kutupa.

Matokeo yake niliyaona palepale kwenye kochi. Mfukoni mwa shujaa wake zilijaa panga nzuri zinazong'aa, lakini alikuwa anapambana na majitu kwa upawa wa supu huku amejikinga na kifuniko cha sufuria. Sitanii, vyote viwili vimo ndani ya gemu hiyo. Nikamuuliza, mbona hutumii zile nzuri?

"Kaka, zile nazitunza. Zitavunjika."

Anazitunzia nini? Hajui. Nikageuka, nikaliona kabati la bibi lenye vioo, na ndani yake sahani za maua ambazo tangu nipate akili sijawahi kuona mtu akizilia. Vyombo vya wageni. Wageni wamekuja, wameondoka, wengine tumeshawazika, na sahani bado zinamsubiri mgeni anayestahili. Walalamikaji wa mtandaoni wanaosema silaha zinazovunjika zinamfanya mchezaji kuwa mchoyo wangefaa walione kabati lile. Uchoyo huo haukuletwa na gemu. Gemu iliukuta.

Lakini nirudi kwenye panga.

Bibi hakugomba. Alilishika, akapitisha kidole kwenye lile pengo, akasema, "Haya mume wangu, lipeleke kwa mhunzi." Panga lenyewe ni la UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, na bibi anadai alilinunua kabla baba yangu hajaoa. Mhuri umebaki herufi moja na nusu.

Mamba inajulikana kwa wahunzi. Tangu enzi za mababu hapa ndipo mikuki ilipofuliwa, na Wamaasai wa tambarare walikuwa wateja. Mlima huu ni wa volkano, hauna madini ya chuma ya kuchimba, kwa hiyo chuma cha zamani kilitoka Upareni, Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulikuwa na jina kwa uhunzi. Siku hizi chuma kinatoka kwenye springi za magari yaliyokufa. Mivukuto niliyoikuta ilikuwa bado ya ngozi ya mbuzi, miwili, kijana anaikandamiza kwa zamu, huu unapumua huu unashusha pumzi.

Nilitegemea mzee ataliingiza panga kwenye makaa. Nilikuwa nimeshaandaa na simu nipige picha. Akakataa. Alisema akilipasha moto lote litalegea, litapoteza ule ugumu wa kiwandani, halafu litakuwa bati. Badala yake akachukua tupa. Akaanza kukwangua, lakini hakukwangua kwenye pengo. Alikwangua kila mahali pengine.

Ilinichukua muda kuelewa. Pengo kwenye makali haliondolewi kwa kuongeza chuma. Linaondolewa kwa kupunguza sehemu nyingine zote mpaka zilifikie pengo. Alifanya hivyo kwa karibu saa nzima, vumbi la chuma likidondoka kwenye kiatu changu, na alipomaliza makali yalikuwa yamenyooka kama rula. Panga lilikuwa jembamba kuliko nilivyolileta.

Nimekuwa nikicheza gemu za RPG, zile unazovaa uhusika wa shujaa na kumkuza hatua kwa hatua, tangu chuo, pale Arusha, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Ya kwanza ilikuwa Oblivion ya 2006. Ndani ya Oblivion unatembea na nyundo za kukarabatia. Unaingia pangoni, unapigana, uzima wa silaha unashuka, unasimama katikati ya mizoga, unafungua menyu na kugonga, tik tik tik, upanga umerudi 100. Nyundo nazo huvunjika, kwa hiyo unabeba nyingi. Mimi nilikuwa nabeba zaidi ya 20, shujaa wa ufalme mzima anatembea kama mchuuzi wa stendi. Ukipandisha ujuzi wako wa ufundi hadi 75 unaweza kuinua silaha hadi 125, yaani uzima unaozidi uzima. Ukifika 100 nyundo hazivunjiki tena.

Nilicheza saa mia kadhaa bila kushtuka. Ni pale kwa mhunzi, nikitazama vumbi kwenye kiatu, ndipo nilipojiuliza: hicho chuma kinachorudi kwenye upanga wangu ndani ya Oblivion kinatoka wapi?

Hapo ndipo ugomvi wangu na mifumo hii ya kuchakaa na kukarabati vifaa kwenye gemu ulipo, na si ule wa kila siku. Kelele nyingi zinahusu usumbufu: menyu, gharama, kurudi mjini katikati ya safari. Hayo ni kweli. Kwenye World of Warcraft, gemu ya watu wengi mtandaoni, ukifa, uzima wa vifaa vyako unapungua asilimia 10, unakwenda kwa fundi unalipa, yameisha. Ule ni ushuru, umewekwa ili dhahabu itoke mifukoni mwa watu isije ikakosa thamani, na ushuru haujawahi kumfurahisha mtu, hata wa sokoni. Kinachonikera mimi zaidi ni ule mstari wa uzima wa kifaa unaojaa. Unapungua, unalipa, unajaa. Kitu kilichotengenezwa kinarudi sawasawa na kitu ambacho hakijawahi kuharibika. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo katika maisha yangu yote, nami nashinda kaunta nauza tupa, gundi, misumari na waya za kufungia.

Cha ajabu, walioikaribia kweli walifanya hivyo mapema kabisa. Kwenye Diablo ile ya kwanza ya miaka ya 90, mhusika wa aina ya mpiganaji alikuwa na uwezo wa kujikarabatia vifaa mwenyewe, popote, bure. Lakini kila akifanya hivyo kile kiwango cha juu cha uzima wa kifaa kinashuka. Upanga wa 40 unakuwa wa 39, wa 38, unaendelea. Mhunzi wa kijijini, Griswold, akikutengenezea kwa pesa kiwango hakishuki. Wachezaji wengi waliuona uwezo ule kama wa kijinga wakaupuuza. Mimi nauona kama sehemu ya kweli kuliko zote: panga linanoleka, na linaisha kwa kunolewa.

Nyongeza ya Diablo II iitwayo Lord of Destruction, ya mwaka 2001, ikaja na kingine. Kuna vifaa vinavyokuja vikiwa nusu mzimu, vinang'aa kidogo kama vinapitisha mwanga. Silaha ya namna hiyo ina nguvu ya ziada ya asilimia 50, lakini uhai wake ni mfupi na hakuna fundi anayeweza kuigusa. Unapewa kitu bora ambacho kitakufa, uamue mwenyewe. (Bila shaka wachezaji walipata njia: kuna jiwe la maandishi liitwalo Zod, adimu sana, ukilipachika silaha haiharibiki milele. Binadamu.)

Mfumo mwingine ninaoupenda ni wa Fallout 3, ya 2008, na huu mtu wa kaskazini hahitaji kuelezwa. Bunduki yako imechakaa? Tafuta bunduki nyingine ya aina hiyohiyo, uitoe vipuri. Moja inapona, moja inatoweka. Nenda gereji za Unga Limited pale Arusha uulize maana ya kuchinja gari. Gari likishindikana linachinjwa: milango kwa huyu, gia kwa yule, taa zinakwenda Moshi, na magari matano yanatembea kwa sababu moja limekufa. Halafu ndani ya Fallout 3 ujuzi wako ndio unaoweka mpaka. Usipojua ufundi, hata uwe na bunduki 10 za kuchinja, hufiki juu. Hata wafanyabiashara wanaokarabati wana mipaka yao, kuna wa kukufikisha nusu tu. Huyo fundi wa nusu tunamfahamu sote.

Fallout: New Vegas ya 2010 ikaongeza uwezo fulani, unaupata ufundi wako ukifika 90, wa kutengeneza kitu kwa kipuri cha kitu kinachofanana nacho tu, si lazima kiwe kilekile. Watu waliulalamikia kwamba si wa kweli. Hao hawajawahi kumwona fundi akichukua kifaa cha basi, akakitazama, akakipunguza kwa msumeno na kukifunga kwenye pikipiki, na pikipiki ikaenda Himo na kurudi.

Kuna moja tu iliyonikumbusha mtu. Kingdom Come: Deliverance ya 2018, iliyotengenezwa na Wacheki na inayotokea kwao, Bohemia, mwaka 1403. Ukitaka kunoa upanga unakaa mbele ya jiwe la duara, unakanyaga pedali ili lizunguke, unaegemeza upanga. Pembe ikikosea hunoi. Ukikandamiza kupita kiasi unaharibu. Unasikiliza sauti, unatazama cheche. Mara ya kwanza kuicheza nilicheka peke yangu, kwa sababu huyo mtu yupo. Anapita mitaa ya Majengo na baiskeli yake, anaisimamisha kwa stendi, anafunga mkanda kwenye jiwe, anakaa palepale kwenye kiti na kukanyaga bila kwenda popote, visu vya mama ntilie vinatoa cheche. Ndani ya gemu watu wengi huona kazi ile inachosha, wanalipa mhunzi. Mimi nilinoa kila upanga mwenyewe, hata wa kuuza.

Wakati huohuo, wakubwa wengine walikuwa wanaondoa mfumo wote. Skyrim ya 2011 ilifuta uchakavu kabisa. Ukinoa upanga mara moja, unabaki mkali milele, hata ukiua majoka 50. Fallout 4 mwaka 2015 ikafuta kwenye silaha, halafu Fallout 76 ikaurudisha 2018. Wale wa Dark Souls walikuwa nao, wakaupunguza makali, na walipofika Elden Ring, 2022, haukuwepo tena. Siwalaumu sana. Mfumo uliobaki kuwa bili tu ni afadhali ufutwe.

Na ulikuwa na vituko vyake. Dark Souls II ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2014, watu waligundua silaha zao zinachakaa kwa kasi kama mara mbili ya wenzao wa konsoli, zile mashine za gemu za kuunganisha kwenye TV. Sababu: konsoli zilikuwa zinaonesha picha 30 kwa sekunde, kompyuta 60, na hesabu ya uchakavu ilikuwa imefungwa kwenye picha hizo. Upanga ukiwa umegusa mwili wa adui, kila picha inahesabu. Kwa hiyo aliyenunua mashine nzuri zaidi ndiye aliyeozewa upanga haraka zaidi. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka uliofuata. Mwenzangu wa chumbani na kompyuta yetu ya kunguruma angefurahi. Sisi tungekuwa na upanga wa kurithisha wajukuu.

Nisisahau Minecraft, ingawa wakali wa RPG watasema haihusu. Mle chombo cha chuma kina matumizi 250, cha dhahabu 32 tu, na kuna fuawe ya kutengenezea. Kila unapokitengeneza kitu kilekile, bei ya mara inayofuata inapanda, mpaka siku fuawe inakuambia ni ghali mno, haitaki tena. Na fuawe yenyewe, kila ukiitumia, ina asilimia 12 ya kuchakaa hatua moja, mpaka nayo inapasuka. Hilo lilinirudisha kwa yule mzee wa Mamba. Fuawe yake ilikuwa kipande cha chuma kizito kilichobonyea katikati kama mto wa kulalia. Nilimwuliza imekuwa hivyo lini. Alisema aliikuta hivyo kwa baba yake, yeye ameongeza kidogo.

Nilimrudishia bibi panga jioni. Alilipima kwa macho, akaliweka kwenye kiganja, akasema, "Limepungua." Halafu akaenda nalo kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hana habari na mambo hayo.

Dukani nilianza kuyatazama mapanga yanayoletwa kunolewa kwa jirani yetu wa mashine. Mapya yote yanafanana, yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Ya zamani hakuna mawili yanayofanana. Moja limelika karibu na mpini, mwenyewe anapasua kuni. Jingine limelika nchani, huyo analima nalo. La bibi limelika katikati na lina tumbo kwa ndani, kwa sababu mkono wake hukata migomba kwa kuvuta kuja kwake. Ukiniletea mapanga 20 ya Mamba nitakuokotea la bibi gizani. Hakuna gemu niliyowahi kucheza ambayo silaha yangu ilichakaa kwa namna ninavyopigana mimi. Namba inashuka ileile kwa kila mtu. Nadhani kuna mtu anaweza kuitengeneza gemu ya hivyo, na natumaini awe wa huku.

Desemba ya 2023 tukahesabiwa tena. Mdogo wangu alikuwa amenenepa, ana kazi, na ana Tears of the Kingdom, iliyotoka Mei mwaka ule. Humo silaha za nchi nzima zimeoza kwa laana, kwa hiyo shujaa anapewa uwezo wa kubandika kitu kwenye kitu: jiwe kwenye fimbo, pembe kwenye upanga uliolika, hata upanga kwenye mwisho wa upanga mwingine. Bibi alipita na beseni, akasimama nyuma ya kochi, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu mume wangu mdogo anafanya nini?"

"Anafunga jiwe kwenye fimbo, bibi. Iwe nyundo."

"Linakaa?"

"Linakaa."

"Basi mwambie aache hiyo aje anifungie mpini wa jembe. Anacheza toka juzi."

Mdogo wangu akaenda. Nilimwonesha kuchonga kabari ya mti mkavu, kuigongea kwenye tundu la jembe pembeni ya mpini, kisha tukalitumbukiza jembe lote kwenye ndoo ya maji, kichwa chini, ili mti uvimbe usiku. Alirudi kuchungulia ndoo mara mbili kabla ya kulala. Asubuhi alilitoa, akalitikisa, akaligonga chini mara tatu kwa nguvu. Halikucheza. Akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona akiwa na Switch, na bibi, ambaye alikuwa ameshavaa buti zake za mpira mlangoni, akamwambia asilirudishe stoo, watangulie nalo shambani.